Baiskeli ya Milimani Iliyolala Miaka Mingi: Dalili za Ubovu, Chanzo Chake na Mahali pa Kumwachia Fundi

Baiskeli ya milimani inapotolewa stoo baada ya kulala miaka kumi au zaidi, mwenyewe hushangaa kuona kwamba hakuna kilichovunjika na bado haiendeshiki. Fremu inaonekana nzima na magurudumu yanazunguka, lakini gia hazishiki, breki hazibani na siti haisogei hata kidogo. Chombo hiki kimeharibiwa na kukaa zaidi ya kutembea. Grisi imekauka ikawa kama nta, raba za breki zimekuwa ngumu, waya zimeshika kutu ndani ya maganda yake, na mahali ambapo aluminiamu ilikutana na chuma pameshikana kana kwamba pamechomelewa.

Kwa sababu hiyo, dalili katika baiskeli ya namna hii aghalabu hujitokeza mbali na chanzo chake. Gia zinazogoma huweza kuwa zimesalitiwa na kipande kifupi cha waya, na cheni inayoruka huweza kuwa ndiyo kipuri kipya pekee kwenye baiskeli nzima. Anayenunua vipuri kwa kuifuata dalili humaliza fedha akabaki na ubovu uleule. Katika kila dalili iliyoelezwa hapa, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu umewekwa kabla ya kazi ya spana.

Kabla ya dalili yoyote: fremu

Osha baiskeli kwa maji ya sabuni, uikaushe, kisha uikague mahali penye mwanga mkali. Pitisha kidole na jicho chini ya bomba la chini karibu na kichwa cha usukani, kuzunguka maungio ya mabomba yanapokutana na ekseli ya krenki (mkono unaobeba pedeli), nyuma ya mahali nguzo ya siti inapoingia, na kwenye mapengo yanayoshika ekseli ya gurudumu la nyuma. Mkwaruzo wa rangi hauna kina, lakini ufa huonekana kama unywele mweusi au mstari wa kutu unaorudi kila unapoufuta. Rangi iliyojikunja au bomba lililovimba nyuma kidogo ya kichwa cha usukani ni ishara kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu uso kwa uso.

Ukiona ufa, simama hapo. Fremu ya chuma cha kawaida huweza kuchomelewa na fundi anayejua kazi ya mabomba membamba. Fremu ya aluminiamu ni jambo jingine, kwa kuwa aina nyingi za aluminiamu hiyo hupoteza nguvu pale inapochomelewa na huhitaji kupashwa joto upya kwa utaratibu maalumu ili zirudi kama zilivyokuwa. Kwa baiskeli ya kawaida, ufa wa aluminiamu ndio mwisho wa fremu, na ni afadhali ujulikane kabla hujanunua hata raba moja ya breki.

Unabana breki, lakini baiskeli haisimami

Sababu ya kwanza ni raba. Raba iliyokaa miaka mingi huwa ngumu na kung'aa kama kioo, na ukiikandamiza kwa ukucha haiachi alama. Itoe, isugue uso wake kwa msasa hadi uonekane mweusi usiong'aa, kisha uchokonoe vipande vidogo vya metali vilivyojichomeka ndani yake. Ikiwa baada ya kusuguliwa bado ni ngumu kama plastiki, ibadilishe. Raba ni za bei nafuu kuliko sehemu nyingi za baiskeli, na mimi sioni sababu ya kuitunza ya zamani.

Sababu ya pili ni rimu yenye mafuta, mara nyingi kutokana na mtu aliyepuliza mafuta kwenye cheni bila kukinga gurudumu. Ifute kwa spiriti na kitambaa safi, urudie mpaka kitambaa kisichukue weusi. Ikiwa rimu yenyewe ni ya chuma kilichopakwa kromu, fahamu kwamba itabana vibaya kila inaponyeshewa hata ukiweka raba mpya kabisa, na dawa ya kudumu ni kuweka rimu za aluminiamu.

Ya tatu ni waya. Bana breki polepole huku ukisikiliza, kwa maana waya wenye kutu hukwaruza ndani ya ganda, na sehemu ya nguvu ya mkono wako huishia humo badala ya kufika kwenye raba. Angalia hasa pale kichwa cha waya kinapoingia ndani ya mkono wa breki, kwani ndipo nyuzi huanza kukatika mmoja mmoja bila kuonekana. Hata uzi mmoja ukiwa umekatika, badilisha waya wote. Ganda nalo libadilishwe pamoja, na liwe ganda la breki, lile ambalo chuma chake cha ndani kimezungushwa kama springi. Ganda la gia lina nyuzi zilizolala sambamba, na likitumiwa kwenye breki huweza kupasuka siku unapobana kwa nguvu zako zote, yaani siku uliyoihitaji breki kuliko siku nyingine zote.

Sababu ya nne haitambuliki upesi, nayo hutokana na vipuri visivyooana. Baiskeli nyingi za milimani za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na breki za kantileva, ambazo mikono yake miwili huunganishwa na waya mfupi unaopita juu ya tairi. Breki za V zenye mikono mirefu zilienea kuanzia mwaka 1996, na hizo huhitaji mkono wa breki unaovuta waya mwingi zaidi. Mtu aliyebadilisha kipande kimoja akaacha kingine aliacha tatizo lisilotibika kwa kukaza waya. Mkono wa V ukifungwa kwenye kantileva huwa mgumu kama jiwe na breki haina nguvu. Mkono wa kantileva ukifungwa kwenye breki za V hufika hadi kwenye usukani, na raba zinapogusa hukamata ghafla mno.

Ukiwa na kantileva za mbele, kuna hatari moja ya pekee. Waya mkuu ukikatika, ule mfupi huanguka juu ya tairi lenye meno makubwa, hunaswa, na gurudumu la mbele husimama papo hapo huku mwendeshaji akiendelea na safari hewani. Kibano cha kioo cha kuakisi mwanga au matigadi juu ya tairi huuzuia waya huo usifike, kwa hiyo usikiondoe kwa sababu tu kinaonekana kibaya.

Mwisho, weka ukingo ulionyooka wa rula juu ya ubavu wa rimu mahali raba zinaposugua. Ubavu ukiwa umebonyea kama bakuli, au umekuwa mwembamba kiasi kwamba unauona ukifunguka tairi linapojazwa upepo, usiendeshe tena. Rimu iliyolika hupasuka kuelekea nje kwa kusukumwa na upepo wa tairi, na hakuna kuirekebisha.

Kama breki inabana vizuri lakini hairudi unapoachia, chanzo cha kawaida ni waya uleule wenye kutu. Utenganishe na mikono ya breki, kisha usukume mikono hiyo kwa vidole. Ikicheza kwa wepesi, kosa ni la waya. Ikiwa mizito, fungua bolti inayoushika mkono, safisha mhimili wake kwa msasa laini, paka grisi, na urudishe.

Cheni inaruka unapokanyaga kwa nguvu

Malalamiko haya huja zaidi kutoka kwa watu waliokwisha kubadilisha cheni, na hilo ndilo linalowachanganya. Cheni hairefuki kwa kuvutika. Pini na vishimo vyake hulika, na umbali kati ya pini huongezeka kidogo kidogo. Meno ya sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni, nayo hulika yakifuata urefu huo mpya. Vitu viwili vilivyozeeka pamoja hufanya kazi pamoja bila ugomvi, lakini ukitoa kimoja na kuweka kipya, meno yaliyochongwa na cheni ndefu hayawezi tena kuishika cheni fupi.

Basi pima kabla ya kununua. Umbali wa pini hadi pini katika cheni mpya ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, hivyo kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25 panapaswa kuwa milimita 304.8. Vuta cheni inyooke kisha uipime kwa rula ya chuma. Ikifika takriban milimita 306.4, ibadilishe, na yamkini sproketi za nyuma bado zina maisha. Ikifika milimita 308, hesabu kwamba sproketi za nyuma zitaondoka pamoja nayo. Za mbele zitazame kwa jicho, hasa ile ya kati ambayo hutumika zaidi, kwa sababu meno yaliyolika hufanana na mapezi ya papa, yameinamia upande mmoja.

Cheni ikiruka kwenye sproketi moja tu ya nyuma, sproketi hiyo imelika kuliko zingine. Ikiruka kwa mpangilio, kila baada ya mizunguko kadhaa ya pedeli bila kujali gia, tafuta kiungo kilichoganda: zungusha pedeli nyuma polepole, uangalie cheni inapopita kwenye magurudumu madogo ya kihamisha gia (chombo cha nyuma kinachoisogeza cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine), nawe utaona kiungo kimoja kikipita kimejikunja. Kitie mafuta, kishike kwa mikono miwili, ukipinde kidogo kulia na kushoto hadi kilegee.

Kama cheni imetulia juu ya meno lakini pedeli hata hivyo zinapiga hatua tupu kwa ghafla, tatizo limo ndani ya friwili, yaani sehemu inayoruhusu gurudumu la nyuma kuzunguka pedeli zikiwa zimetulia, na si kwenye meno, na hali hiyo imeelezwa chini ya dalili ya pedeli kuzunguka bure.

Kuzitoa sproketi za nyuma kunahitaji kujua ni za aina gani. Zizungushe kinyumenyume huku ukitazama mahali kifungulio kinapoingia. Mahali hapo pakizunguka pamoja na sproketi, hiyo ni kaseti. Pakisimama huku sproketi zikizunguka, hiyo ni friwili ya kukaza kwa nyuzi. Friwili hujikaza zaidi kila siku unapokanyaga, na iliyokaa miaka kumi na tano huweza kukataa kabisa. Ikianza kukivunja kifungulio chako au kuyala meno ya friwili kinamoingia, mpelekee fundi mwenye jiliwa kubwa, kwa sababu meno hayo yakiisha itabidi friwili ivunjwe vipande.

Gia hazibadiliki, au zinabadilika zenyewe

Anza kwenye mkono wa gia. Ukibonyeza bila kusikia mlio wa kukamata, au ukisikia mmoja kati ya mitatu, grisi ya ndani imeganda na vikamatio vidogo haviwezi kurudi mahali pake. Usiufungue. Ndani mna springi ambazo zikishatoka hazirudi kwa urahisi. Puliza dawa ya kuyeyusha grisi kupitia tundu la waya, bonyeza mara hamsini au zaidi, acha uchafu uchuruzike, puliza tena, na mwishowe tia mafuta mepesi. Mikono mingi iliyodhaniwa kufa hufufuka kwa njia hii.

Kisha fuata waya hadi mwisho. Kipande cha ganda kinachojikunja kuingia kwenye kihamisha gia cha nyuma ndicho kinachooza kwanza, kwani kipo chini na hupokea maji na tope lote la gurudumu. Kifereji cha plastiki kilicho chini ya ekseli ya krenki nacho hujaa udongo mkavu. Kubadilisha kipande hicho kimoja cha ganda pamoja na waya wake hutatua sehemu kubwa ya matatizo ya gia za zamani, na ni kazi ya nusu saa.

Baiskeli nyingine zina mkono wa gia wa dole gumba wenye swichi ya kuondoa milio, ukawa unasogea bila vituo. Kama unao, hicho ni kipimo cha bure. Gia zikifanya kazi vizuri bila milio lakini zikagoma milio inaporudishwa, kihamisha gia hakina kosa, na marekebisho yako ni ya mvuto wa waya tu, kwa kugeuza kikaza waya nusu mzunguko kwa kila jaribio.

Skrubu mbili zenye alama H na L huachwa hadi mwisho. Hizo huweka mipaka ya kulia na kushoto, hazirekebishi hatua za katikati, na mtu anayezigeuza ovyo ndiye anayeingiza kihamisha gia ndani ya spoku.

Niliwahi kupoteza alasiri nzima juu ya jambo hili. Nilibadilisha waya, nikabadilisha ganda, nikageuza kila skrubu iliyogeuzika, na gia ya tatu bado ilikwaruza huku ya sita ikitulia. Jua lilipoanza kuzama nilichuchumaa nyuma ya baiskeli kuokota spana, ndipo nilipoona kwamba magurudumu mawili madogo ya kihamisha gia hayakuwa yamenyooka chini ya sproketi. Lile la chini lilikuwa limeinama ndani kuelekea spoku kwa upana wa kidole kidogo. Sikio la fremu linalobeba kihamisha gia lilikuwa limepinda, pengine tangu baiskeli ilipoangushwa kwa upande wa kulia miaka mingi kabla haijanifikia. Tangu siku hiyo huchuchumaa nyuma kwanza.

Sikio la chuma hunyooshwa kwa kifaa maalumu kinachofungwa kwenye tundu lake na kulinganishwa na rimu. Sikio la aluminiamu hunyooshwa mara moja kwa bahati, na mara ya pili hukatika. Ikiwa limefungwa kwa skrubu, badilisha lote. Ikiwa ni sehemu ya fremu yenyewe, usiliguse kwa koleo, liache kwa fundi mwenye kifaa hicho.

Pedeli zinazunguka bure mbele na nyuma

Ndani ya friwili au hubu (kitovu cha gurudumu) ya kaseti mna ndimi ndogo zinazosukumwa na springi ili zikamate meno ya ndani unapokanyaga mbele. Grisi ikiganda, ndimi hulala zisiinuke. Laza gurudumu upande, tia mafuta mepesi kwenye mwanya ulio kati ya sehemu inayozunguka na ile isiyozunguka, zungusha, acha usiku mmoja, na urudie hadi mlio wa tik-tik urudi ukiwa mkali na wa kulingana. Ukirudi kisha ukapotea tena kesho yake, usiiamini friwili hiyo. Ukiwa umesimama juu ya pedeli kwenye mlima, inapoteleza hukuangusha juu ya bomba la fremu.

Siti haipandi wala haishuki

Hii ndiyo kazi inayowakatisha tamaa watu wengi, na ndiyo inayoua fremu nzuri mikononi mwa wenye haraka. Nguzo ya siti kwa kawaida ni ya aluminiamu, na fremu za zamani nyingi ni za chuma. Unyevu ukipenya kati yake, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, kisha unga huo hujikaza kama kabari iliyopigwa pande zote.

Hakikisha kwanza kwamba bolti ya kubana imetolewa kabisa, si kulegezwa tu, na kwamba pete yake imepanuka. Tia mafuta ya kupenya kuzunguka nguzo. Kisha geuza baiskeli juu chini, toa skrubu za kishikio cha chupa kwenye bomba la siti, utie mafuta kupitia matundu hayo ili yaufikie ukingo wa chini wa nguzo. Rudia asubuhi na jioni kwa siku nne au tano. Subira hapa ina nguvu kuliko nyundo.

Baada ya hapo, zungusha, usivute. Funga siti chakavu usiyoijali, uishike mbele na nyuma, ujaribu kuigeuza kulia na kushoto. Ikisogea hata kwa upana wa unywele, umeshinda, na iliyobaki ni mafuta na kugeuza. Ikikataa, tumia tofauti ya metali: aluminiamu hujikunyata kwa baridi karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kuzunguka nguzo katika fremu ya chuma huilegeza, ilhali joto linaloifikia nguzo huizidishia kubana. Watu wengi hukimbilia moto, nao huishia kuunguza rangi na kuikaza nguzo zaidi.

Hatua ya mwisho ya nyumbani ni kuibana nguzo kwenye jiliwa na kuigeuza fremu nzima kama usukani. Simama mara unapohisi bomba la fremu linajipinda badala ya nguzo kuzunguka. Kinachobaki ni kuikata nguzo na kuipasua kwa msumeno kutoka ndani, au kuiyeyusha kwa magadi makali, na njia hii ya pili huunguza ngozi na macho, hutoa gesi inayoshika moto, na huila fremu ya aluminiamu pamoja na nguzo yake. Zote mbili ni za fundi.

Nguzo mpya ipimwe kwa kalipa, kwani vipenyo hupishana kwa milimita 0.2 tu na iliyo nyembamba kidogo haitashika. Ipake grisi kabla ya kuiingiza, na usiipandishe kupita mstari wa mwisho uliochorwa juu yake.

Gurudumu linacheza au linayumba

Shika rimu kwa juu, uisukume kulia na kushoto. Ikigonga, koni za hubu zimelegea au gololi zimelika. Fungua upande mmoja juu ya kitambaa cheupe na uhesabu gololi zinazotoka. Hubu ya nyuma kwa kawaida huwa na gololi 9 za robo inchi kila upande, na ya mbele huwa na 10 za inchi 3/16. Nunua mpya zote, usichanganye na za zamani. Uso wa koni ukiwa na mashimo, ibadilishe nayo; uso wa kikombe ndani ya hubu ukiwa na mashimo, hubu imekwisha. Ekseli ya nyuma iviringishe juu ya kioo uone kama imepinda, hasa katika hubu za friwili, ambazo beringi ya kulia imekaa mbali ndani na ncha ya ekseli hubaki bila msaada.

Gurudumu lisilocheza lakini linayumba lina spoku zilizolegea au iliyokatika. Tia tone la mafuta kwenye kila nati ya spoku siku moja kabla, kisha geuza robo mzunguko kwa mara moja, ukilegeza upande mmoja na kukaza wa pili. Nati zikianza kuviringika, au ukiona nyufa kuzunguka matundu ya spoku kwenye rimu, acha.

Usukani mzito, unagonga, au unajifunga katikati

Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku vidole viwili vikigusa mwanya wa beringi ya juu. Ukihisi mgongano, kaza: katika usukani wa zamani wa nati mbili utahitaji spana mbili nyembamba, za milimita 32 au 36 kulingana na unene wa bomba. Ukiinua gurudumu la mbele na usukani ukajifunga wenyewe unapotazama mbele, gololi zimechimba mashimo kwenye vikombe. Unaweza kuahirisha gharama kwa kutoa gololi zilizofungwa kwenye kizimba na kuweka gololi huru, ambazo kwa kuwa ni nyingi zaidi haziangukii mashimo yaleyale. Lakini hiyo ni ahirisho tu.

Shingo ya usukani iliyogandia ndani ya uma, yaani sehemu yenye mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, hulegezwa kwa kufungua bolti ya juu mizunguko michache bila kuitoa, kisha kuigonga kwa nyundo juu ya kipande cha mti, ili kabari iliyo chini ishuke. Usukani wa aluminiamu wenye mkwaruzo wa kina karibu na kibano, au ambao historia yake huijui, ubadilishe bila kujadili.

Shokapu za mbele hazibonyei

Shokapu nyingi za miaka ya 1990 zilitumia vipande vya mpira mzito badala ya springi, na vipande hivyo hugeuka kuwa vigumu au kusagika kama keki kavu. Vipuri vyake ni nadra kupatikana. Kwa baiskeli ya kila siku, naona ni busara kuweka uma usio na shokapu wenye urefu unaolingana na ule wa zamani, kwani uma mfupi huishusha mbele na kuufanya usukani kuwa na wasiwasi. Shokapu za upepo zisifunguliwe kabla ya kutolewa upepo wote.

Tairi hupungua upepo kila siku

Zamisha tyubu kwenye maji utazame povu. Tundu la upande wa ndani hutoka kwenye utepe wa rimu uliosogea. Matundu mawili yaliyo jirani ni alama ya kubanwa na rimu kwa upepo mdogo. Tairi lenye nyufa ubavuni halifai. Unaponunua jipya, soma namba 559 iliyo ubavuni, maana si kila tairi linaloitwa la inchi 26 litaingia kwenye rimu ya milimani.

Mlio wa "kach" kila unapokanyaga mguu mmoja

Mlio huu husafiri kupitia mabomba ya fremu, kwa hiyo usiuamini unakotokea. Endesha ukiwa umesimama juu ya pedeli. Ukipotea, ni siti au nguzo yake. Usipopotea, kaza bolti za sproketi za mbele, kisha toa pedeli zote mbili, zipake grisi na uzirudishe. Kumbuka kwamba pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kugeuza upande wa saa, na kikombe cha kulia cha ekseli ya krenki, katika fremu nyingi za milimani, nacho ni vivyo hivyo. Wengi wamekazia kile walichodhani wanakifungua, wakaharibu nyuzi.

Cha mwisho kukaguliwa ni krenki ya kushoto. Ile inayokaa kwenye ekseli yenye ncha ya pembe nne hulegea baada ya safari za kwanza za baiskeli iliyofungwa upya, kwa hiyo ikaze tena baada ya siku chache. Ukiendelea kuikanyaga imelegea, ekseli ya chuma hulitanua lile tundu la aluminiamu, na tundu lililokwisha kuviringika halikazwi tena kwa bolti yoyote. Hapo ni kununua krenki nyingine.